Nani Anasema "Mimi"? Vimelea Wanaotawala Watu katika Bunilizi za Kisayansi

Wanafunzi wetu wa somo la tafsiri wanapokutana na hadithi za viumbe wa sayari nyingine wanaoingia katika miili ya watu, mtu aliyeingiwa humwita "mwenyeji". Ndilo neno la vitabu vya biolojia, na huko halina ubaya wowote: kupe ana mwenyeji wake, na mnyoo vilevile. Lakini mwenyeji humkaribisha mgeni, tena humpa mahali pa kukaa. Katika hadithi hizi hakuna anayebisha hodi. Waswahili wa pwani wana neno jingine, nalo ni kiti, yaani mtu aliyepandwa na pepo, ambaye pepo humkalia na kusema kwa kinywa chake. Katika makala haya tunadhamiria kuifuatilia historia ya vimelea hao kwa kuuliza swali moja tu, ambalo ni la kisarufi: mtu akishatawaliwa, ni nani anayesema "mimi"?

Mwanzoni swali hilo halikuwapo. Wamirihi wa H. G. Wells, katika riwaya yake ya mwaka 1898, walinyonya damu ya watu; akili za watu hao hazikuwa na kazi kwao. Mwaka 1938 John W. Campbell alichapisha hadithi ya kiumbe aliyefukuliwa barafuni huko Antaktika, ambaye humla mtu kisha akamwiga kwa kila hali. Wanakambi wakikosa kujua nani bado ni mtu, wanaigusa damu ya kila mmoja kwa waya wa moto, kwa kuwa damu ya kiumbe yule hujitetea. Kauli za kinywa zimekwisha thamani. Damu ndiyo shahidi.

Aliyelitia swali letu katika usimulizi wenyewe ni Robert Heinlein, kwa riwaya yake *The Puppet Masters* ya mwaka 1951. Vimelea wake wanatoka Titan, mwezi wa sayari ya Zohali. Wanafanana na konokono wasio na magamba, nao hukaa mgongoni mwa mtu chini ya nguo, kiasi kwamba serikali inafikia kuwaamuru raia watembee vifua wazi. Msimulizi, jasusi aitwaye Sam, naye anapandwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata anaposimulia siku zile za utumwa, Sam anaendelea kutumia nafsi ya kwanza umoja. Nilikwenda, nilifanya. Mikono ni yake, kumbukumbu ni zake, ila nia ni ya mwingine. Kwa maoni yetu, hapo ndipo hofu halisi ya kitabu ilipo, kuliko katika konokono wenyewe.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1954, Jack Finney alianza kuchapisha katika jarida la *Collier's* hadithi iliyokuja kuzaa filamu ya Don Siegel ya mwaka 1956. Humo watu wa mji mdogo wa California hunakiliwa wakiwa usingizini na viumbe wanaokua katika maganda makubwa kama ya mbegu. Mwanamke mmoja anashikilia kwamba mjomba wake si mjomba wake, ingawa kovu lipo na kumbukumbu zipo. Kilichokosekana ni hisia nyuma ya maneno. Wahakiki wengi huisoma hadithi hii kama hofu ya Ukomunisti, wengine kama hofu ya wale waliowawinda Wakomunisti. Finney mwenyewe alikana kuwa na kusudi la kisiasa. Wanafunzi hupenda kukimbilia jibu la Vita Baridi na kulifunga somo hapo. Tunawashauri warudi kwanza kwa yule mjomba na namna anavyozungumza.

Njia za kutawala nazo zilibadilika. Katika *Star Trek*, mwaka 1967, vimelea hujipenyeza katika neva na kumtii watu kwa maumivu tu; mtu anabaki yeye, lakini hawezi kuvumilia kukataa. Katika mfululizo wa *Animorphs* wa K. A. Applegate (1996–2001), uliokusudiwa watoto, mdudu huingia kwa njia ya sikio, akaukumbatia ubongo na kuzisoma kumbukumbu zote. Ila kila baada ya siku tatu hana budi kutoka na kurudi bwawani kujilisha mionzi. Kwa muda huo mfupi wafungwa hurudishiwa sauti zao, nao huzitumia kupiga mayowe ndani ya vizimba. Hatujakutana na picha kali kuliko hiyo katika vitabu vya watoto.

Sambamba na mkondo huo wa utekaji, upo mwingine wa mapatano. Hal Clement, aliyekuwa mwalimu wa sayansi, alibuni katika *Needle* (1950) askari wa sayari nyingine anayeishi ndani ya mvulana bila kumdhuru, na kuwasiliana naye kwa kumwandikia herufi ndani ya jicho. Octavia Butler, katika "Bloodchild" (1984), hakuitwaa akili ya mtu hata kidogo; kijana wake anajadiliana na kiumbe atakayetaga mayai mwilini mwake. Butler alieleza kwamba aliandika ili kuikabili hofu yake ya nzi ambaye funza wake hukua katika ngozi ya mtu. Sisi tunaopiga pasi hata soksi zilizoanikwa nje twaielewa hofu hiyo bila tanbihi.

Mapatano, bila shaka, si mageni kwa msomaji wa Kiswahili. Pepo wa pwani huulizwa jina, hutaja atokako na atakacho, akapewa. Konokono wa Heinlein hana masharti ya kutimiziwa.

Mikondo hiyo miwili inakutana katika *Stargate SG-1* (1997–2007), ambayo baadhi ya wanafunzi wetu waliitazama katika vibanda vya video, huku VJ akisimulia kwa Kiluganda juu ya sauti za waigizaji (sauti juu ya sauti, ukitaka). Goa'uld, mfano wa nyoka, huuzingira uti wa mgongo na kujidai mungu wa Misri ya kale. Mtu aliyemo ndani anaona yote na hasemi neno. Ndugu zao, Tok'ra, huingia kwa ridhaa tu, na wawili hao hupokezana kinywa: kichwa kinainama, kikiinuka anayezungumza ni mwingine. Hapo "mwenyeji" linafaa kabisa, na "kiti" tutawaachia Goa'uld. Kazi inayobaki kwa mfasiri ni kuamua, kila kichwa kinapoinuka, kama aandike "nimekubali" au "tumekubali".