Damu Inayobaki Lamboni

Ukisema vijana wa Mwanhuzi, wilayani Meatu, hupungukiwa damu, utaulizwa: wapungukiwe vipi na ng'ombe wote hawa? Swali ni la haki, ila kwa Msukuma ng'ombe ni mahari na akiba kabla hajawa kitoweo. Kinacholiwa siku nyingi ni ugali, mlenda na maziwa. Maziwa hayana madini ya chuma ya kutajika. Nafaka inayo, lakini fitati iliyomo humo huyafunga, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kunyonywa. Hata hivyo chakula peke yake hakimalizi maelezo. Historia ya upungufu wa damu hapa isomwe pia kwenye maji.

Kati ya 1947 na 1956 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na sehemu yake kubwa ilikuwa kuchimba malambo ya kunyweshea mifugo. Meatu ya leo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Maswa. Malambo yaliokoa mifugo, hilo halina ubishi. Lakini maji yaliyotuama ni makazi ya konokono wa jamii ya Bulinus, wabebaji wa kichocho cha mkojo. Maji yakikauka konokono hao hujizika topeni, mvua ikirudi wanaibuka hai. Mtu atasema kichocho kilikuwepo tangu enzi za vidimbwi vya masika. Ni kweli. Lambo halikuzaa ugonjwa; lilikutanisha ng'ombe, ndoo, wafuaji na watoto wanaoogelea mahali pamoja, kwa miezi mingi zaidi.

Kichocho hiki hutoa damu kwenye mkojo na huwaelemea zaidi watoto wa umri wa shule, na hapo hesabu inakuwa kali. Mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma, na kwa kawaida mwili hunyonya miligramu 1 hadi 2 kwa siku. Anayepoteza mililita 3 tu kila siku kwenye mkojo amemaliza karibu chote alichoingiza, wakati misuli inatanuka, damu inatakiwa iongezeke, na msichana ameanza hedhi. Mwili hula kwanza akiba yake ya chuma kimyakimya. Himoglobini hushuka baadaye. Ndipo ukivuta kope ya chini unaona weupe, moyo unakwenda mbio kwa mwendo mfupi, binti anatafuna udongo, na darasani anaitwa mvivu.

Malaria nayo huharibu damu, pengine kuliko kichocho. Sibishi. Ila malaria huvunja chembe za damu na chuma chake kingi hubaki mwilini; kichocho hukimwaga nje kabisa. Kwa hiyo vidonge vya chuma bila praziquantel, dawa ya kichocho, ni nusu ya tiba. Na praziquantel hugawiwa zaidi shuleni, ilhali binti aliyeacha shule ndiye aendaye lamboni na ndoo kila siku. Wagawaji wa dawa, mfuateni huko.