Epictetus na mafundisho yake kuhusu furaha

Epictetus (takriban 50–135 BK) alikuwa mwanafalsafa wa Kistoiki aliyefundisha kwamba raha na karaha za mtu hutokana na namna anavyoyapokea mambo kuliko mambo yenyewe. Alizaliwa Hierapolis, ambako leo ni Pamukkale nchini Uturuki, akaishi Roma akiwa mtumwa wa Epaphroditus, karani wa Kaisari Nero. Alikuwa kiwete. Mapokeo mengine husema alivunjwa mguu na bwana wake, mengine husema ni maradhi.

Akiwa bado mtumwa alisoma kwa Musonius Rufus. Alipoachwa huru alifundisha Roma, mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa mwishoni mwa karne ya 1. Akahamia Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki, akafungua shule. Hakuandika kitabu, mafundisho yake tunayajua kwa sababu mwanafunzi wake Arrian aliyaandika.

Msingi wa mafundisho hayo ni mgawanyo mmoja. Yako yaliyo katika uwezo wetu: rai, matakwa, maamuzi. Na yako yasiyokuwamo: afya, mali, cheo, sifa njema kwa watu. Anayetundika furaha yake kwenye haya ya pili amejitia utumwani kwa kila awezaye kumnyang'anya, na neno hilo lilikuwa zito kinywani mwa mtu aliyewahi kumilikiwa. Yeye mwenyewe aliibiwa taa ya chuma nyumbani kwake. Akasema kesho atapata ya udongo, maana mtu hupoteza kile tu alicho nacho.

Wengi huyasoma haya kama wito wa kuwa na moyo mgumu. Wanamkosea. Epictetus alisisitiza wajibu wa mtu kwa wazazi, ndugu na raia wenzake, na inasimuliwa kwamba uzeeni alimchukua na kumlea mtoto aliyekuwa karibu kutupwa.

Fikra zake zilimfikia Kaisari Marcus Aurelius, na karne nyingi baadaye James Stockdale, rubani wa Marekani aliyetunguliwa Vietnam Kaskazini mwaka 1965. Stockdale alifungwa na kuteswa kwa zaidi ya miaka 7, naye alieleza kwamba Epictetus ndiye aliyemshikilia. Wanasaikolojia Albert Ellis na Aaron Beck, waliobuni tiba za kurekebisha fikra katika miaka ya 1950 na 1960, walikiri deni lao kwa Wastoiki.

Wazo kwamba furaha haitegemei mambo ya nje pekee limepimwa pia kisayansi. Utafiti wa mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake, uliochapishwa mwaka 1978, uliwalinganisha washindi wa bahati nasibu ya Illinois, waliopooza kwa ajali, na watu wa kawaida. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa kuliko watu wa kawaida, na starehe ndogondogo za kila siku ziliwapendeza kwa kiasi kidogo kuliko zilivyowapendeza hao. Waliopooza walikuwa na furaha ndogo kuliko wengine, lakini si kwa kiasi ambacho wengi wangetarajia.

Hata hivyo hali ya mtu haipuuzwi. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa waliopoteza kazi, kwa wastani, hawakurudia kiwango chao cha awali cha kuridhika na maisha hata baada ya kuajiriwa tena. Kwa hiyo mafundisho ya Epictetus yanamfaa mtu anayejiongoza mwenyewe. Anayeyatumia kumnyamazisha mwenye njaa au aliyedhulumiwa anayapotosha.