Kisima cha Waaq: Jina la Elwak na Dai la Hekima Iliyopotea

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi kuhusu Afrika ya kale pamekuwa na dai linalojirudia: kwamba wahenga walikuwa na hekima kuu, kwamba hekima hiyo ikapotea, na kwamba siku itakapofukuliwa binadamu atazinduka kiroho. Dai hili lina mvuto kwa mhakiki wa fasihi kwa sababu muundo wake ni wa kisa: kuna hazina, kuna upotevu, na kuna msafiri anayeitafuta. Msomaji wa riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), anaufahamu vema muundo wa safari ya namna hiyo.

Makala hii inakusudia kulipima dai hilo kwa kutumia matini moja fupi mno, nayo ni jina la mji wa Elwak, ulioko katika Kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Tutajaribu kuonyesha kwamba hekima inayodokezwa na jina hili ilikuwa utaratibu wa kuishi uliojulikana na watu wote. Kwamba sehemu yake ingali hai. Na kwamba kile kilichotoweka kilitoweka kwa sababu zenye tarehe. Neno “iliyopotea”, likitumiwa ovyo, huzificha sababu hizo.

2.0 Jina kama matini

Jina Elwak, ambalo kwa hati ya Kisomali huandikwa Ceelwaaq, limeundwa kwa maneno mawili: ceel, yaani kisima, na Waaq, yaani Mungu. Waaq ndilo jina la Muumba, mwenye mbingu na mvua, katika jamii nyingi zinazosema lugha za Kikushi. Waoromo humwita Waaqa. Warendille humwita Wakh. Kwa kuwa neno hili limeenea katika lugha ndugu ambazo zilitengana zamani, ni busara kulihesabu kuwa la kale kuliko kuenea kwa Uislamu katika eneo hilo.

Wasomali wa leo ni Waislamu, na jina la Mwenyezi Mungu katika ibada yao ni Allah. Hata hivyo, Waaq hakufutika katika lugha yao. Yumo katika majina ya mahali, kama vile Caabudwaaq katika Somalia ya kati. Aidha, wataalamu wengi wanamhusisha na neno barwaaqo, ambalo maana yake ni neema, hasa ile ya mvua na malisho. Ikiwa uhusiano huo ni sahihi, basi kila anayemwombea jirani yake barwaaqo analitamka jina hilo la kale ndani ya dua ya Kiislamu, bila ya kuona mgongano wowote.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kulistaajabia jambo hili. Neno “Mungu” lenyewe ni la asili ya Kibantu, na lina ndugu zake, kama vile Mulungu, katika lugha nyingi za Afrika Mashariki. Washairi wa pwani walilitumia sambamba na Mola na Rabi, na Wakristo nao wakalichukua katika Biblia. Hali kadhalika, Onesimos Nesib na Aster Ganno walipoitoa Biblia kamili ya Kioromo mwaka 1899, jina walilomwita Mungu lilitokana na Waaqa. Hakuna anayesema kwamba “Mungu” ni hekima iliyopotea. Ni neno lililobadili makao, likapata maana mpya bila ya kuzitupa zote za zamani.

3.0 Majitu, nguzo na nyota

Pamoja na hayo, kaskazini mwa Kenya pana masimulizi ambayo kwa hakika yanahusu watu waliotoweka. Yaliyo mashuhuri zaidi ni yale ya Madanle, watu wenye miili mikubwa kupita kiasi, ambao husemekana kuwa ndio waliochimba visima katika mwamba huko Wajir na maeneo ya jirani, na kuacha makaburi ya mawe. Kama fasihi simulizi, masimulizi haya yana mantiki yake: kazi inayozidi nguvu za mtu wa leo hupewa mtu aliyeizidi leo.

Tatizo huanza pale msomi anapoifanya mantiki ya kisa kuwa mantiki ya historia. Mwaka 1933 G.W.B. Huntingford alipendekeza kuwapo kwa “ustaarabu wa Azania”, uliotoweka na kuacha mabaki ya mawe na mashimo katika Afrika Mashariki. Baadaye J.E.G. Sutton alionyesha kwamba yale “mashimo ya Sirikwa” ya nyanda za juu za Kenya yalikuwa mazizi ya ng’ombe, na kwamba waliyoyajenga walikuwa wafugaji wa kawaida.

Kisa cha Namoratunga kinafanana na hicho. Mwaka 1978 Lynch na Robbins walitangaza kwamba nguzo 19 za mawe karibu na Ziwa Turkana zilielekezwa kwa nyota zinazotumika katika kalenda ya Waborana, na kwamba zilisimamishwa kiasi cha mwaka 300 kabla ya Kristo. Mwaka 1982 Soper alizipima upya na kuutilia shaka ulinganifu huo. Tafiti za karne hii zimeonyesha kwamba maeneo ya nguzo kando ya ziwa hilo ni ya kale zaidi, kiasi cha miaka 5,000 hadi 4,000 iliyopita, na kwamba Lothagam North lilikuwa eneo la maziko ya jamii ya wafugaji wa mwanzo.

Ni dhahiri kwamba nguzo zilipendeza kuliko watu. Kalenda yenyewe, yenye miezi 12 ya mwandamo na majina 27 ya siku, haikuhitaji kufukuliwa. Asmarom Legesse aliieleza mwaka 1973 kutokana na wataalamu waliokuwa hai, wale waitwao ayyaantu, ambao huusoma mwezi na nyota na kuziambia siku majina yake.

4.0 Hekima kama utaratibu

Elwak ni mji wa Wagarre, ambao baadhi yao husema lahaja ya jamii ya Kisomali na wengine Kiborana. Günther Schlee (1989) ameonyesha jinsi koo zinavyovuka mipaka ya kabila kati ya Wagarre, Wagabra, Wasakuye na Warendille, na jinsi jamii hizo zinavyoshirikiana ibada na hesabu za siku zinazomhusu ngamia. Kwa hiyo hatuwezi kukieleza kisima cha Waaq bila ya kuwatazama majirani hao.

Kwa Waborana, kisima kirefu huhesabiwa kwa jina la aliyekichimba na ukoo wake, lakini zamu za kunywesha mifugo hupangwa katika baraza, na yuko mtu maalumu anayezisimamia kila siku. Maji hupandishwa kwa mikono: watu hujipanga toka chini hadi juu, wakipokezana ndoo na kuimba. Wimbo huo ndio unaopima mwendo wa kazi. Mmoja akiuacha, safu nzima huyumba. Hapa imani, sheria na sanaa hazikutenganishwa. Ikiwa mvua ni ya Waaq, basi maji hayawezi kuwa ya mtu mmoja peke yake.

H. Odera Oruka, katika kazi yake ya mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wahenga, alimtofautisha anayeyakariri mapokeo ya jamii yake na anayeyahoji. Tofauti hiyo inatufaa. Kulikariri jina la Waaq si kuzinduka. Mwanzoni mwa mwaka 2005 mapigano ya koo katika eneo hilohilo la Elwak yaliua watu wengi, wakiwamo watoto. Jina takatifu halikuzuia damu.

5.0 Upotevu wenye tarehe

Iwapo hekima ya kisima hukaa katika zamu, safari na baraza, basi huharibika pale mambo hayo yanapozuiwa. Sheria ya mwaka 1902 iliifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa. Kwa mkataba wa 1924 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Juba, na makabidhiano yakatimia mwaka 1925. Tangu hapo jina moja limekuwa na miji miwili, Elwak ya Kenya na Ceelwaaq ya Gedo. Sheria ya mwaka 1934 ilizidi kubana mienendo ya wafugaji. Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast yalishambulia kituo cha Waitalia hapo, na katika vitabu vingi vya vita Elwak ni ngome tu. Vita vya 1963 hadi 1967 vilileta hali ya hatari na sera ya kuwakusanya wafugaji vijijini chini ya ulinzi. Hali hiyo ya hatari iliondolewa mwaka 1991.

Mtoto asiyehama na mifugo usiku hana sababu ya kuzijua nyota. Baraza lisiloruhusiwa kukutana haliwezi kugawa zamu. Hakuna fumbo katika upotevu wa namna hii, na wala hauhitaji majitu kuuelezea.

6.0 Hitimisho

Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo hutumika sana katika mijadala ya hekima ya kale, lakini haituelezi ni nani aliyemwachisha mtu asili yake. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza mfumo wa Gada wa Waoromo katika orodha ya urithi wa binadamu. Hatua hiyo ni njema, ila orodha hailindi njia ya kuelekea kisimani.

Tunapendekeza kwamba wahakiki wanaochunguza kuzinduka kiroho katika fasihi zetu waanze kwa kuuliza maswali ya kawaida: hekima inayotajwa ilitendwa wapi, na nani, na iliondolewa kwa amri gani. Wanafunzi wanaokusanya fasihi simulizi huko Mandera, Wajir na Garissa wana kazi ya haraka zaidi kuliko kutafuta siri. Nyimbo za kisimani bado zina waimbaji. Pampu ya maji inapofungwa, safu ya wapokezana ndoo huvunjika, na wimbo hubaki bila ya kazi ya kuupima. Inafaa urekodiwe pamoja na majina ya zamu, kabla haujawa, katika makala za wajukuu zetu, hekima nyingine iliyopotea.