Kadi nyekundu ilitoka wapi, na refa anaangalia nini?

Wiki hii tunaleta historia kidogo ya mpira, juu ya ubishi ambao hauishi viwanjani kwetu: faulo gani ni ya kadi nyekundu? Mmoja anasema "kagusa mpira kwanza", mwingine anasema "kataka kumuua mwenzake", na kabla hawajamaliza, wa tatu anauliza refa ni mtu wa taifa gani. Hapo mpira unaanza kuharibika. Basi tuanzie mwanzo.

Zamani kadi hazikuwepo kabisa. Refa alisema kwa mdomo na kuandika kwenye kidaftari chake. Mwaka 1962, Kombe la Dunia kule Chile, mechi ya Chile na Italia mjini Santiago iligeuka ngumi na mateke mpaka polisi wakaingia uwanjani. Refa wa siku hiyo alikuwa Mwingereza, Ken Aston. Miaka minne baadaye, mjini London, Uingereza ilicheza na Argentina robo fainali. Refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, akamtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Refa hajui Kihispania, Rattín hajui Kijerumani. Jamaa akagoma kutoka, mechi ikasimama dakika kadhaa. Aston, ambaye sasa alikuwa anasimamia marefa wa mashindano, alikuwa anaendesha gari kurudi nyumbani akaona taa za barabarani: njano, jihadhari; nyekundu, simama. Wazo likaja hapo hapo. Kadi zikaanza Kombe la Dunia la Mexico, 1970. Mwaka ule hakuna aliyeonyeshwa nyekundu. Wa kwanza kuionja alikuwa Carlos Caszely wa Chile, mwaka 1974, Ujerumani Magharibi.

Kwa hiyo kadi ililetwa ili watu wasiosikilizana lugha waelewane. Sisi tunaoishi kambi moja na Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kichewa hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo.

Sasa refa anapimaje? Sheria ina ngazi tatu. Ya kwanza ni uzembe: mchezaji hakuwa makini, kamkwatua mwenzake. Hiyo ni faulo tu, bila kadi. Ya pili ni kucheza bila kujali hatari: hiyo ni njano. Ya tatu ni kutumia nguvu kupita kiasi au kuhatarisha usalama wa mpinzani: hiyo ni nyekundu, moja kwa moja. Ili ajue ni ngazi gani, refa anajiuliza: alikuja kwa kasi gani na kutoka umbali gani? Meno ya kiatu yaliangalia wapi, chini au kwenye goti la mtu? Mguu ulikuwa umenyooka na kukaza, au umekunjwa? Amerukia kwa miguu yote miwili? Alikuwa na nafasi kweli ya kuupata mpira? Na lile neno letu la "kagusa mpira" halifuti kosa. Unaweza kuugusa mpira na bado ukavunja mguu wa mtu.

Mambo haya hayakuandikwa siku moja. Mwaka 1982 mjini Sevilla, nusu fainali ya Ujerumani Magharibi na Ufaransa, kipa Harald Schumacher alimrukia Patrick Battiston akamwacha chini hana fahamu, meno yametoka. Refa akatoa goli kiki tu, hata faulo hakupiga! Mwaka 1998 ikaandikwa wazi kwamba kumkwatua mtu kutoka nyuma kwa namna ya kumhatarisha ni nyekundu. Leo sheria inasema ni nyuma, ubavuni au mbele, yote sawa. Hata hivyo macho ya mtu yana mpaka. Fainali ya 2010, Johannesburg, Nigel de Jong alimpiga Xabi Alonso kifuani kwa meno ya kiatu, na refa Howard Webb akatoa njano. Baadaye Webb alisema mwenyewe kwamba hakuona vizuri na ilistahili nyekundu.

Lakini kadi inayotuhusu sisi zaidi ni ya Ndaye Mulamba. Machi 1974 alifunga mabao 9 Kombe la Afrika kule Misri, rekodi ya mashindano mamoja ambayo haijavunjwa, na Zaire ikabeba kombe. Juni mwaka huohuo, Zaire ikicheza na Yugoslavia, kukatokea fujo baada ya bao la nne. Mwepu Ilunga akampiga refa teke kwa nyuma. Refa akageuka, akamtoa Ndaye. Si yeye! Walijaribu kumweleza, haikusaidia. Zaire wakafungwa 9-0.

Maisha yake baadaye tunayajua kwa sababu yanafanana na yetu. Mwaka 1994 alipigwa risasi mguuni na majambazi kwao Zaire, halafu akawa mkimbizi Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya kumwombolezea, kumbe yuko hai. Alifariki kweli Januari 2019.

Ndiyo maana tunasema: refa ahukumu tendo, na ahukumu aliyelitenda. Asiangalie kabila, taifa wala jezi. Na sisi wa pembeni tusimhukumu refa kwa kabila lake. Mguu ukivunjika hapa kambini, kijana hapotezi mechi tu. Anapoteza ganyu ya miezi, na nyumbani wanakosa unga. Kadi nyekundu inamtoa mmoja ili wengine warudi nyumbani wakitembea.

Jumapili mkiwa kiwanjani, kabla ya kupiga kelele jiulizeni yale maswali ya refa. Kama bado mnaona kakosea, kapteni aongee naye kwa heshima, wengine tubaki pembeni. Mechi njema ndugu zetu.