Meli Ilipokataa Kugeuka

Cucu wangu amechuma kahawa Mukurweini karibu maisha yake yote na hajawahi kuona bahari. Mimi niliiona nikiwa na miaka 21, mwaka niliotoka chuo bila cheti, nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni. Feri ilikuwa imesimama tu. Watu hawakushangaa, waliendelea kutafuna mihogo yao. Halafu meli ya makontena ikapita mbele yetu, ndefu kuliko soko letu lote, polepole hadi nikadhani imezima injini. Mashua mbili nene zilikuwa zimeifuata, moja mbele, moja nyuma.

"Hizo ni tagi," mzee mmoja akaniambia. "Bila hizo, hilo ni jengo tu linaloelea."

Nilienda nikasoma, na mzee alikuwa sahihi. Usukani wa meli hushika pale tu maji yanapoupita kwa kasi. Sasa, mlango wa Kilindini ni mwembamba, lazima upunguze mwendo, na ukipunguza, usukani unakufa. Upepo wa kusi na maji yanayopwa wakati wa bamvua vinaanza kukuamulia. Ndiyo maana tagi zinafungwa kwa kamba, zinavuta na kusukuma ubavu hadi meli ya mita mia mbili na zaidi iguse gati kwa mwendo wa sentimita chache kwa sekunde. Ikigusa kwa kasi zaidi, gati linaweza kuvunjika.

Anayeziamuru ni rubani. (Kiswahili kilikuwa na marubani wa baharini karne nyingi kabla ya ndege.) Anatoka bandarini kwa mashua ndogo, anapanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli ikiwa bado inatembea, anasimama kando ya nahodha ambaye hajawahi kumwona. Meli inabaki mikononi mwa nahodha, lakini maagizo ni ya mgeni huyu. Dereva yeyote aliyewahi kurudisha lori nyuma kwenye matope ya kwetu anaelewa: lori ni lako, ila tanboi ndiye anayeona jiwe.

Na sasa nikuambie kilichonifanya niandike hii.

Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alifika Mombasa na marubani wawili aliowatoa Msumbiji. Njiani alikuwa amemchapa rubani mmoja viboko kwa kumwonyesha visiwa na kusema ni bara, na kisiwa kikapewa jina la huyo aliyechapwa. Tarehe 10 waling'oa nanga waingie bandarini. Meli ya da Gama ikakataa kugeuka, ikagonga iliyokuwa nyuma yake. Shida ileile ya Likoni, karne kadhaa kabla ya tagi. Wakashusha nanga tena, na katika hiyo vurugu wale marubani wawili wakajitupa majini.

Wareno waliandika kwamba hiyo ilikuwa dalili ya hila. Labda kweli mji ulikuwa umewategea. Lakini mtu aliyeona mwenzake akichapwa kwa kukosea kisiwa, ungetaka angoje nini? Mimi pia niliwahi kuruka kutoka meli fulani, najua anayeruka huitwaje na waliobaki.

Wiki mbili baadaye, Malindi, sultani aliwapa rubani mwingine. Waliondoka tarehe 24 na kufika Calicut baada ya siku chini ya thelathini. Mnara wa da Gama bado uko Malindi, watalii wanapiga picha. Rubani hana mnara. Kwa muda mrefu watu walisema alikuwa Ibn Majid, Mwarabu mashuhuri wa vitabu vya ubaharia, lakini wanahistoria wengi wamelikataa hilo.

Meli za wakati huo zilitia nanga upande wa pili wa kisiwa, pale ambapo Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593. Meli za mvuke zilitaka kina zaidi, na jina lenyewe, Kilindini, linasema kina kiko wapi. Hata hivyo kwa miaka mingi zilisimama katikati ya maji na mizigo ikashushwa kwa matishali, hadi gati za kwanza za kina kirefu zilipofunguliwa 1926. Kahawa ya walowezi ilipita hapo. Ya kwetu ilikuja baadaye, maana hadi miaka ya 1950 Mwafrika wa Nyeri alizuiwa kuilima.

Krismasi nilimsimulia Cucu haya yote tukichagua kahawa mbovu. Tagi hazikumgusa. Da Gama hakumgusa. Alisimamisha mikono mara moja tu.

"Hao wawili walioruka," akauliza, "walizama?"

Nikamwambia hapana, kulikuwa na watu kwenye mashua pale nyuma, wakawaokota.

"Sawa," akasema, akarudi kwa kahawa yake.