Nasaba za Wafaransa wa Kanada na Daftari za Parokia

Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Miongoni mwa watu waliohamia ng'ambo ya bahari, ni wachache walioihifadhi asili yao kwa kalamu kama Wafaransa wa Kanada. Mkulima wa kandokando ya mto Saint-Laurent aweza kuwafuata wazee wake, ndoa baada ya ndoa, hata afike kwa yule aliyeshuka merikebuni katika karne ya 17. Yatupasa kuuliza jambo hili liliwezekanaje, na ni nani walioachwa nje ya hesabu hiyo.

Samuel de Champlain aliuasisi mji wa Québec mwaka 1608, lakini koloni lilikua polepole. Mwaka 1665 waliwasili askari wa kikosi cha Carignan-Salières, na wapatao 400 wakakaa kuwa wakulima. Kati ya 1663 na 1673 walipelekwa wanawake karibu 800 kuolewa huko, nao wakaitwa "Mabinti wa Mfalme." Katika sensa ya 1666, msimamizi Jean Talon alihesabu wakazi 3,215, pasipo askari wala wenyeji wa nchi. Kwa kuwa chimbuko lilikuwa dogo hivyo, wengi wa wazao wao leo hukutana katika mababu walewale.

Mapadri waliandika kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko. Baadaye ikaamriwa ziwepo nakala mbili, moja ya parokia na ya pili ya mahakama, ili ya kwanza ikipotea ya pili isalie. Hati iliyo bora kuliko zote ni ya ndoa, maana kwa kawaida hutaja wazazi wa bwana arusi na wa bibi arusi, na mwanamke huandikwa kwa jina la ukoo wa babake. Hivyo kila ndoa humwonyesha mtafiti njia ya kuiendea ndoa iliyotangulia. Hata hivyo, kanisa la Québec lilipoungua mwaka 1640, daftari nazo ziliteketea, ikawa hapana budi kuziandika upya kwa kumbukumbu za watu. Basi wanaozisifu karatasi wasisahau kuwa ziliwahi kuokolewa na vichwa vya watu.

Mtafiti hana budi kujihadhari na lakabu. Askari wengi walikuwa na majina ya kikosini, kama Lafleur, yaani Ua, au Sansoucy, yaani Asiye na Wasiwasi. Lakabu hiyo iliandikwa baada ya jina la ukoo, kati yao likiwekwa neno *dit*, maana yake "aitwaye." Hudon aitwaye Beaulieu aliacha wazao ambao wengine ni Hudon na wengine Beaulieu, na damu ni moja.

Padri Cyprien Tanguay alizikusanya nasaba hizi katika majuzuu saba, yaliyochapwa kati ya 1871 na 1890. Tangu 1966 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Montréal wamezitia daftari hizo katika kompyuta, hata kazi iliyokuwa ya miaka ikawa ya siku.

Lakini daftari zizo hizo zina kurasa nyingine. Mwaka 1709 msimamizi Jacques Raudot aliamuru kwamba Wahindi Wekundu na watu weusi walionunuliwa wawe mali ya walionunua. Mwanahistoria Marcel Trudel alipekua hati akapata watumwa zaidi ya 4,000, na yapata theluthi mbili yao walikuwa wenyeji wa bara hilo. Wengi walibatizwa bila kutajwa baba wala mama. Mmoja wa kwanza alikuwa mtoto aliyeletwa Québec karibu na mwaka 1629, naye yasemekana alitoka Bukini. Alibatizwa Olivier, akapewa na jina la padri aliyemfundisha, Paul Le Jeune, kisha akafa mwaka 1654. Jina alilopewa na mamake halikuandikwa.

Watu hawa hawakuiacha asili yao, bali walinyang'anywa. Kwa hiyo mtafiti akutanapo na mtoto asiyeandikiwa wazazi, asidhani kwamba hakuwa nao. Na aandike jina lake pamoja na majina ya wengine, na mahali pa baba na mama apaache wazi, ili ajaye baadaye ajue kwamba hapo palikuwa na watu.