Kalamu ya Waziri na Unyayo wa Mbwa

Ikitajwa reli ya Settle–Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, haichukui muda kabla jina la Michael Portillo halijafuata. Mwaka 1989 alikuwa waziri mdogo katika Wizara ya Usafiri. Baadaye akawa mtangazaji wa vipindi vya safari za treni kwenye televisheni. Amekuwa akisema kwamba kuinusuru reli hiyo isifungwe ndiko anakojivunia kuliko yote aliyoyafanya serikalini. Waandishi huyanakili maneno hayo na kuendelea na safari yao. Mimi nayasimamisha kidogo, kwa sababu kipo kitabu ambacho mashabiki wa simulizi hiyo hawana haja nacho: The Battle for the Settle & Carlisle cha James Towler, kilichotoka mwaka 1990. Towler alikuwa mwenyekiti wa kamati ya watumiaji wa usafiri ya Yorkshire, mojawapo ya kamati zilizopokea pingamizi za wananchi. Ukiyatazama mambo kutoka meza ya pingamizi, waziri yuko mwisho kabisa wa foleni.

Ujenzi wenyewe unajulikana. Kampuni ya Midland ilitaka njia yake ya kwenda Uskoti, ikapata kibali cha Bunge, ikajuta, ikaomba kuachana na mradi huo, na mwaka 1869 Bunge likakataa. Basi vibarua wapatao 6,000 wakapanda milima ya Pennine na sururu na baruti. Waliacha reli ya kilomita 116 hivi, handaki la Blea Moor lenye urefu wa kilomita 2.4, na daraja la Ribblehead: matao 24, urefu wa mita 400, kimo cha mita 32. Wengine waliacha roho zao. Zaidi ya watu 200 wa kambi zile, watoto wakiwemo, wamezikwa Chapel-le-Dale, ndui ikiwa mojawapo ya vilivyowamaliza. Abiria walianza kupanda tarehe 1 Mei 1876. Habari za enzi ya mvuke zimeandikwa mpaka zimechujuka, nami naziruka zote hadi mwaka 1963, ripoti ya Richard Beeching ilipopendekeza treni za abiria ziondolewe, na hadi Mei 1970, stesheni ndogo zote zilipofungwa, zikabaki Settle na Appleby tu.

Hapo ndipo penye mambo. Mwaka 1975 Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales ilikodi treni za wikendi zilizoitwa DalesRail, zikasimama kwenye stesheni ambazo kwenye makaratasi zilikuwa zimekufa. Abiria walikuwa watu wa mjini wenye viatu vya milimani na vyakula vyao mkobani; waliteremka, wakapokewa na viongozi wa matembezi wa kujitolea, wakapanda milima, jioni wakarudi. Wenyeji nao walitumia treni hizohizo kwenda mjini. Wanahistoria wengi huipa DalesRail sentensi moja. Kwangu ni mzizi wa yote yaliyofuata, kwa kuwa ilithibitisha kitu ambacho Shirika la Reli la Uingereza halikutaka kukisikia: abiria wapo, ila hakuna anayewauzia safari.

Shirika lilikuwa likifanya kinyume chake. Mwaka 1982 treni ya haraka ya Nottingham–Glasgow iliondolewa kwenye njia hii na kupitishwa kwingine. Zikabaki treni mbili kwa siku kila upande kati ya Leeds na Carlisle. Mfanyabiashara akitaka kufunga duka bila kulaumiwa, kwanza huacha kuleta bidhaa, kisha hulalamika kwamba wateja hawaji. Watu wachache walilinusa hilo mapema. Mwaka 1981 walikutana mjini Settle, wakaunda Marafiki wa Reli ya Settle–Carlisle, Graham Nuttall akiwa miongoni mwa waasisi. Tangazo rasmi la kufunga lilikuja mwaka 1983, na likawakuta wamejipanga.

Silaha yao ilitoka kwenye sheria yenyewe. Chini ya Sheria ya Usafiri ya mwaka 1962, kamati za watumiaji hazikuruhusiwa kupima faida na hasara ya reli. Kazi yao ilikuwa moja: kusikiliza ni adha gani itakayompata mtumiaji treni zikiondolewa. Waliotunga kifungu hicho bila shaka waliona wamebana mjadala. Kumbe walifungua mlango, kwa sababu kila aliyewahi kupanda treni hiyo akawa na haki ya kuandika barua, na barua yake ikahesabiwa. Watu wa kujitolea walisambaza habari hiyo kwa abiria na watembea milimani, wakieleza namna ya kuandika pingamizi ambalo kamati haitaweza kulitupa. Zilikusanyika zaidi ya 22,000.

Moja lilikuwa la mbwa. Ruswarp, mbwa wa Nuttall wa jamii ya wachunga kondoo, alikuwa akikatiwa tiketi kila anaposafiri na bwana wake. Alikuwa basi abiria aliyelipa nauli, na abiria aliyelipa nauli ana haki ya kupinga. Akatia unyayo wake kama sahihi, na pingamizi likapokelewa. Wapo wanaolichukulia tukio hili kama kichekesho cha kupambia hadithi. Nadhani wanapitwa. Kamati haikumpokea Ruswarp kwa huruma. Ilimpokea kwa kufuata sheria neno kwa neno, na yeyote aliyekuwa na tiketi mfukoni akaona kwamba hata yeye hana kisingizio cha kukaa kimya.

Mikutano ya kusikiliza pingamizi ilifanyika mwaka 1986. Kamati zilipendekeza reli isifungwe.

Kuna wanaoshikilia kwamba chanzo cha yote kilikuwa daraja la Ribblehead: maji yalikuwa yakipenya ndani ya matao, Shirika likakadiria matengenezo kuwa pauni milioni 6, basi hesabu ikakataa. Hoja hii sina subira nayo. Mwaka 1985 njia juu ya daraja ilipunguzwa ikawa moja ili kulipunguzia mzigo, na treni ziliendelea kupita. Matengenezo ya majaribio yalionyesha kwamba kazi ingegharimu pungufu ya makadirio yale, na baadaye lilitengenezwa, nalo liko imara. Daraja lilikuwa kisingizio chenye matao 24.

Anayestahili kusikilizwa zaidi ni yule anayesema sifa ni za Ron Cotton. Huyu alikuwa ofisa wa Shirika, aliyepelekwa mwaka 1983 kusimamia reli katika siku zake za mwisho. Alipofika aliongeza treni, akatoa tiketi za bei nafuu, na kwa msaada wa halmashauri za wilaya na kaunti akafungua tena stesheni 8 mwezi Julai 1986. Ribblehead ilifunguliwa na jukwaa moja, kwa kuwa la pili lilikuwa limeshabomolewa; mpaka mwaka 1993 treni za upande mmoja zilipita bila kusimama. Hata hivyo safari za abiria zilipanda kutoka 93,000 mwaka 1983 hadi 450,000 mwaka 1989. Bila Cotton, pingamizi zingebaki malalamiko. Lakini Cotton aliwauzia tiketi watu ambao Marafiki walikuwa wameshawaamsha, na kila tishio la kufunga liliwaleta wengine wanaotaka kuipanda kabla haijatoweka. Sioni namna ya kuwatenganisha.

Serikali haikuongoka kirahisi. Mei 1988 ilitangaza kwamba inaelekea kuridhia kufungwa, asipopatikana mnunuzi binafsi. Portillo aliingia wizarani miezi miwili baadaye, na huenda kweli alisema maneno mazuri huko ndani. Lakini tarehe 11 Aprili 1989, aliyelitangazia taifa kwamba ombi la kufunga limekataliwa alikuwa mkubwa wake, Paul Channon. Mezani pake palikuwa na mapendekezo ya kamati, hesabu za abiria na bei mpya ya daraja. Kufikia siku hiyo, kufunga ndiko kulikohitaji waziri jasiri.

Nuttall hakuishi sana kuufurahia ushindi. Alitoweka Januari 1990 alipokwenda kutembea milimani huko Wales; mwili wake ulipopatikana Aprili, Ruswarp alikuwa bado kando yake, wiki 11 baadaye, akiwa hoi. Sanamu ya mbwa huyo iko stesheni ya Garsdale tangu mwaka 2009.

Marafiki hawakuvunja chama. Wanaongoza matembezi kutoka stesheni, wanatunza bustani na majengo, wamekifufua kibanda cha ishara cha Settle na kukifungulia wageni, na wanawaeleza abiria njiani wanachokiona dirishani. Mwaka 2016 ardhi ilipoporomoka Eden Brows, karibu na Armathwaite, njia ilikatika kwa zaidi ya mwaka mmoja. Februari 2017, kabla haijafunguliwa yote, injini ya mvuke iitwayo Tornado ilivuta treni za kawaida za ratiba kati ya Appleby na Skipton kwa siku tatu. Tarehe 31 Machi njia nzima ikafunguliwa, kwa gharama ya pauni milioni 23.